Bizari Iliyozaliwa Ujiji

Jumatatu, 22 Septemba
Siku njema kuliko zote! Mama Honorata, muuza dagaa wa soko la Kibirizi, kaniazima nusu ya meza yake hadi Jumamosi. Bizari yangu ikipata wateja, nusu hiyo ni yangu moja kwa moja. Isipopata, anapewa Rozalia, anayeuza chumvi ya Uvinza akiwa amekaa chini kwenye gunia. Chumvi! Nilimwonea huruma.
Mchanganyiko wangu: manjano, tangawizi, pilipili manga kidogo. Unga wa muhogo kwa wingi, ili pakiti ijae.

Jumanne, 23 Septemba
Pakiti mbili tu. Moja nilinunua mwenyewe, kuwatia watu moyo. Kasoro nimeiona: bizari yangu haina historia. Nimeandika ubao kwamba neno bizari lilizaliwa Ujiji na bizari halisi iko hapa. Ushahidi sina. Mwandiko ni mzuri sana. Rozalia akauliza kama chumvi nayo ilizaliwa Ujiji. Nikamwambia utafiti unaendelea.

Jumatano, 24 Septemba
Pakiti kumi na moja! Watu wanasoma, wanacheka, wananunua. Nimeshapima meza kwa ajili ya kitambaa.
Saa tisa akaja Mzee Ismaili, anayefundisha Kiarabu kule Ujiji. Nikampa shikamoo ya nguvu, nikidhani kaja kunipongeza. Akaeleza, mbele ya watu, kwamba neno lilitoka kwa Waarabu, na kwao lilihusu mbegu, zile za kukolezea chakula. Kama nataka neno la nyumbani, akasema, lipo kiungo, kutokana na kuunga, kama mtu anavyounga mboga. Kisha akachovya kidole, akaonja, akatafakari.
"Mbegu ziko wapi, mwanangu? Mimi hapa naonja ugali."

Alhamisi, 25 Septemba
Nimefuta Ujiji, nimeandika Uarabuni. Ni mbali zaidi, kwa hiyo ni bora zaidi! Lakini soko zima sasa linaniita Bwana Ugali. Dawa ni kuwaonjesha. Mama Honorata kanipa dagaa wake wakavu, wazuri kabisa. Kesho nitawakaanga kwa mawese na kuwamwagia bizari mpaka wapotee.

Ijumaa, 26 Septemba
Walipotea.
Wa kwanza kuonja alikuwa Adolf, anayenunua magunia ya Mama Honorata kupeleka Tabora. Akanusa. Nilisahau jambo ambalo kila mtu wa Kibirizi analijua: dagaa wasioharibika hutiwa chumvi tu. Anayemwaga viungo ana harufu ya kuficha.
"Mama Honorata, dagaa wako wameanza kuoza lini?"
Akaondoka kwenda meza nyingine. Mama Honorata hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Rozalia ndiye aliyekaanga dagaa wengine wa Mama Honorata kwa chumvi, akamkimbilia na sahani. Adolf akala wote, akarudi, akachukua magunia saba.

Jumamosi, 27 Septemba
Nusu ya meza ni ya Rozalia. Mama Honorata alinisaidia kung'oa ubao.
"Eliakimu, tengeneza kwanza kitu kitamu. Maneno yatakuja yenyewe."
Ushauri wa maana. Nimeupigia mstari kwa wino mwekundu.

Jumapili, 28 Septemba
Furaha tupu! Kesho nahamia Ilagala, kuuza achari. Historia yake nimeimaliza leo: neno lilizaliwa palepale, Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Kurasa nne, pamoja na picha ya bibi aliyelitamka kwanza.
Kilichobaki ni kumuuliza mtu achari inatengenezwaje.