Matone Yaliyomuumbua Dobi

Mwalimu Mkuu,

Kwa heshima zote, na kwa hasira niliyoikunja vizuri kama shati la mteja, nakuomba uifute kemia shuleni kwako kabla haijabomoa nyumba nyingine. Mimi ni dobi, mwaka wa kumi na tisa huu kwenye pasi. Binti wa kaka yangu, mwanafunzi wako wa kidato cha tatu, anaishi kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mashati meupe ya wateja yalianza kutoka na madoa ya kahawia. Nilichunguza kitaalamu, yaani nilimtazama mke wangu akisuuza, nikaamua kwamba hajui kusuuza. Nilimwambia hivyo kila siku kwa wiki saba. Yeye akasema ni kutu ya pipa la maji. Pipa nililinunua mimi, kwa hiyo kosa haliwezi kuwa la pipa. Akafungasha, sasa yuko kwa dada yake.

2. Mwanafunzi wako akaja na kichupa cha kostiki soda, eti mwalimu wa maabara kamruhusu. Akaidondoshea kwenye glasi ya maji ya pipa, mashapo ya kahawia yakatua chini. "Baba mdogo, hizo ni ioni za chuma," akasema. Nikamuuliza ioni zenyewe ziko wapi. Akajibu hazionekani kwa macho. Hivi ndivyo mnavyofundisha: shahidi haonekani, na ushahidi wake unapokelewa.

3. Nikamtega mbele ya wateja. Glasi tatu, bila alama: maji ya pipa, maji ya bomba la jirani yangu fundi cherehani, na siki niliyolowekea nyaya za shaba mpaka ikageuka rangi. Ya kwanza ikatoa kahawia, akasema chuma. Ya pili haikutoa kitu. Ya tatu ikatoa mashapo ya buluu. Akaongeza amonia, nayo ya maabara, yakayeyuka na kuwa buluu iliyokolea, akasema shaba. Muuza mitumba akapiga makofi. Mteja wangu huyo.

4. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Ioni. Mwanafunzi wako hata hanicheki. Ananipa pole, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwa hiyo nadai barua yenye muhuri wa shule, ikithibitisha kwamba chuma kile kilitoka kwenye mikono ya mke wangu. Mkishindwa, basi fundisheni kemia isiyohusu waume za watu.

Wasalimie walimu wote, wapishi na mlinzi wa geti. Wa maabara mruke.

Ni mimi, mwenye haki yake,
Dobi wa kona ya posta

N.B. Kichupa cha kostiki soda kimeisha. Naomba kingine, na mtoto aruhusiwe kutoka mapema Ijumaa anisindikize kwa shemeji, na maji ya pipa tutabeba. Nimejaribu kumwambia mke wangu kwamba nilikosea, hajaniamini, maana mdomo uliosema hivyo ndio uleule uliomfukuza. Labda atayaamini matone.