Mtikisiko Umekwisha

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mwenyekiti wa Kamati Kuu ya Utulivu wa Magari ya Mbio aliwatangazia waandishi wa habari saba kwamba mtikisiko umekwisha. Kipimo kilikuwa kimesoma sifuri.

Aliyezua uchunguzi huo kwa malalamiko yake alikuwa amesimama mbele yake: dereva wa mbio, maarufu kwa jina la Mama Gia. Miaka tisa ya kutikiswa ilikuwa imempa kiuno kibovu, vidole vyenye ganzi, na macho yanayoona kona mbili palipo na moja. Alitaka siku kumi na nne za mapumziko kabla hajaifuata kona isiyokuwepo.

"Mheshimiwa, vidole hivi sivisikii."

"Umevihesabu?"

"Viko kumi."

"Basi vimekamilika."

"Lakini mlipima gari langu likiwa limezimwa!"

Mwenyekiti alimwonea huruma. Utaalamu si wa kila mtu. "Likiwaka, mama, kipimo kinatikisika. Kikitikisika, kanuni inasema majibu yake hayaaminiki."

Mama Gia akacheka. "Haya, baba. Ripoti bado hujaitia saini. Njoo uisaini ndani ya gari, mzunguko mmoja tu. Au sifuri inakutisha?"

Kamera zote zilimgeukia. Mwenyekiti hakuona sababu ya kukataa. Sayansi ilikuwa upande wake. Saa tatu na nusu alikuwa amefungwa mkanda, ripoti mapajani, kalamu mkononi, helmeti imemmeza hadi kwenye nyusi.

Walipofika kwenye changarawe, Mama Gia alikanyaga mafuta.

"Saini sasa, Mheshimiwa!"

"Na-na-sa-i-ni!"

"Mbona unasaini goti?"

"Nya-nya-maza, e-ende-sha!"

Dakika sita baadaye alishuka, akaiamkia nguzo akidhani ni katibu wake. Saini yake ilipanda, ikashuka, ikavuka ukurasa na kumalizikia kwenye suruali.

Daktari wa kamati alitoa rula, akaipima saini. Hicho kilikuwa kipimo cha kwanza kuchukuliwa gari likitembea. Toka kilele hadi bonde: sentimita sita.

"Futa hiyo," Mwenyekiti aliagiza.

"Saini ya Mwenyekiti hufutwa na Mwenyekiti mwenyewe, kwa maandishi," daktari alijibu.

Akapewa kalamu. Ikamponyoka. Akaokotewa, ikamponyoka tena.

Saa nne kamili, ripoti ilipokelewa ikiwa na sentimita zake sita, na Mama Gia akakabidhiwa barua ya mapumziko ya siku kumi na nne.