Nusu Kwa Nusu!

Jumatatu, 3 Machi
Hakimu hana haya. Talaka ametoa, sawa. Lakini nyumba nusu kwa nusu! Vyumba saba, bwawa la kuogelea, vigae nilivyochagua mwenyewe! Mthamini anakuja Alhamisi kukadiria bei, kisha mmoja wetu amlipe mwenzake nusu abaki nayo. Wakili wangu ameniambia nitulie. Nitulie!
Nimepata wazo. Nyumba ikionekana mbovu, bei itashuka. Nitainunua nusu ya yule mwanamke kwa bei ya kutupa.

Jumatano, 5 Machi
Mke yuko kwa mama yake. Nimechora nyufa sebuleni kwa wanja wake. Dari nimeipaka chai ya rangi, ionekane inavuja. Koki ya jikoni nimeilegeza, idondoshe maji kidogo. Haikudondosha kidogo! Zulia limekwisha.
Dada yangu amepita, akauliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia huu ni mkakati. Akasema hata ndoani nilikuwa na mikakati. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mthamini ni mama wa makamo, hacheki. Nimemwonyesha kila ufa. Nikamwambia hata mimi naogopa kulala humu. Akapitisha kidole ukutani, kikatoka cheusi. Wanja! Nikajua nimekwisha! Akasema ni ukungu, tena ule mbaya. Akaandika ukurasa mzima. Mungu mkubwa!

Jumanne, 11 Machi
Bei imetoka, ya chini kuliko ya gari langu! Hakimu akauliza nani anaitaka nyumba. Nikanyoosha mkono. Mke wangu akasimama, ametulia kama maji mtungini. Akasema hawezi kumwacha baba watoto katika nyumba anayoogopa kulala. Maneno yangu mwenyewe, yamo kwenye ripoti! Hakimu akamuuliza, yeye ataiweza nyumba mbovu vile? Akashusha pumzi, akasema atajitahidi. Atajitahidi! Hundi alikuwa nayo mkobani, imeshaandikwa! Wakili wangu alikuwa anakagua viatu vyake.

Alhamisi, 13 Machi
Nimekwenda kuchukua mashati. Nyufa anazifuta kwa kitambaa kibichi huku anaimba. Pale mlangoni, penye alama za urefu wa watoto, nimesimama kufuta macho. Vumbi.
Amenikaribisha chai. Akasema ngazi za nyumba ile zinamuua magoti tangu zamani, ningemwomba vizuri angeniachia. Ningemwomba! Mimi! Chai sikumaliza.

Jumamosi, 15 Machi
Nalala kwenye kochi la dada. Miguu inaning'inia. Lakini bado hatujagawana nyumba ya mapumziko kule ziwani! Mthamini anakwenda Jumatatu. Nimekodi mbuzi kumi na wawili, wanaingia sebuleni kesho. Dada ameuliza, je, mke akiitaka na hiyo? Nimecheka mpaka kochi likalia. Nyumba yenye mbuzi! Nani ataitaka?