Mashini Ilinikalisha na Mama Mukwe

Bandugu, leo nimekufa haya. Na shimo nilijichimbia mi mwenyewe.

Munajua masomo yangu: ninafundisha mashini ya hesabu, ordinateur, kusoma bantu kama wavu. Kila fundo ni muntu, kila uzi ni ujamaa. Uzi wa mama, wa shemeki, wa mukwe, wa jirani... Kila aina ya uzi inaomba hesabu yake. Aina zikiwa nyingi, ordinateur yangu (muzee ya kuhema) inasimama. Dawa yake: aina zenye kufanana zigawane hesabu moja. Sasa inaenda mbio. Nilijisifu sana!

Leo ilikuwa sherehe ya communion ya mudogo wake Clarisse, muchumba wangu, kwabo mutaani Makomeno. Kisha ya kula, bazazi bake balipaswa kutupa jibu ya ndoa. Clarisse akasema: "Panga bantu kwa biti na mashini yako, baone akili yako."

Nikapanga: kila muntu na mama yake, sahani moja. Uzi wa mama na uzi wa mama mukwe nikaziunga pamoja. Si bote ni bamama bakubwa? Karatasi yenye ilitoka kwa mashini sikuiangalia tena, nikamutumia binamu ya Clarisse, akabandika majina kwa biti.

Nilichelewa, nilikuwa nabeba kaze za chupa za bia. Kiti moja tu ilibakia, na jina yangu juu. Mama wa pembeni alinipa mugongo, anazungumuza. Mi na njaa yangu, nikanawa, nikatia mukono kwa sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto.

Mukono ingine ikagusa yangu. Mama akageuka. Mama mukwe!

Kwetu hata kula mbele yake ni mwiko, sembuse sahani moja! Akajifunika kitenge kichwani, akakimbilia ndani ya nyumba. Mi na bukari mukononi.

"Nani alipanga mukao huu?" Shangazi yake Clarisse akauliza.

"Ni mashini, Tante. Ilichanganya mama na mama mukwe, juu ya kuenda mbio."

"Ah bon! Na kesho itachanganya muke yako na dada yako?"

Niliogopa kabisa, niliona Clarisse anapotea hivi hivi. Mama wangu ananivuta karibu; mama mukwe, mapendo yake ndiyo hiyo umbali tunayochunga. Mi nikaita yote kitu kimoja.

Clarisse, mwenye alifuata mama yake, akatoka ndani, macho mekundu. Sikujua kama alilia ao alicheka.

"Mama anasema ndoa iko. Lakini ulete kuku ya kuomba musamaha. Uiache kwa mulango, usiingie."

Nimetenganisha nyuzi. Ordinateur inatambaa sasa, itambae tu. Na weye unayecheka, enda kwanza ukule na mama mukwe wako.