Mrithi wa Namatala

Jude Isabirye alikuwa amekaa kwenye benchi la duka la Hasifa, pale Nalufenya mjini Jinja, akinywa soda aliyonunuliwa na mtu mwingine, aliposikia sauti ya mtu anayefaa kutapeliwa. Haikuwa sauti ya mjinga, maana wajinga huwa hawana pesa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kuuliza bei.

"Sasa kwa hii pesa yangu napata nini hapa Jinja?"

"Kwa hiyo, Afande, unapata choo," alijibu Hasifa. "Tena ya kushirikiana na jirani."

Mwenye sauti aliitwa Opio, askari wa magereza aliyestaafu juzi tu. Alikuwa na mke, watoto sita, kiinua mgongo, na amri ya kuhama nyumba ya serikali kabla mwezi haujaisha. Maisha yake yote alilinda watu waliotamani kutoka, na sasa anatolewa yeye asiyetaka. Kiinua mgongo chenyewe hakina cha pili. Kikipotea, familia nzima ingerudi Lira kulala jikoni kwa shemeji, na shemeji alikwishasema jikoni hakuna nafasi.

Jude aliweka chupa chini kwa heshima, kama mtu aliyeitwa kanisani kutoa ushuhuda. Huyu ndugu, lazima niseme, alikuwa na kipaji. Aliwahi kumuuzia mtu wa Buwenge ng'ombe mmoja mara mbili, na mara ya pili mtu yule alimshukuru kwa kumpunguzia bei.

"Afande, Jinja wachia watalii," alisema. "Wewe enda Mbale. Kule chakula iko rahisi, mlima unaona bure. Baba yangu aliacha nyumba Namatala. Vyumba vinne, kisima ndani ya ua. Mzee alikufa, mimi iko na kazi huku, nyumba inakaa na popo tu."

"Bei?"

Jude alimnong'oneza. Opio alikaa kwenye benchi bila kukusudia.

Nyumba yenyewe ilikuwepo kweli. Jude aliiona alipokuwa amejificha Mbale, siku zile mtu wa Buwenge alipogundua habari za ng'ombe. Mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu, na majirani walimwambia mwenyewe, Mzee Gidudu, amefariki, na hakuna mwanaume wa ukoo anayetaka hata kupita karibu. Jude hakuuliza kwa nini. Kwake yeye, nyumba isiyotakiwa na mtu ilikuwa tayari nusu yake.

Walikwenda Mbale watatu, maana mke wa Opio, Akello, hakuwa mwanamke wa kununuliwa nyumba akiwa amekaa nyumbani. Aligonga kuta kwa vifundo vya vidole, akachungulia kisima, kisha akasimama katikati ya ua. "Jiko nitaweka hapa," alisema, na machozi yakamlengalenga, kwa sababu tangu aolewe hajawahi kuchagua mahali pa jiko. Hata Jude alisikia kitu kikimchoma kifuani. Kilipita.

Akello alijifuta uso, akamgeukia. "Huyu mzee alipokufa, nani alikaa kwa kiti yake?"

"Mimi, mama."

"Nani aliona?"

"Eh... bado kidogo."

"Basi mimi sinunui. Nyumba ya marehemu inauzwa na mrithi, na ukoo yake inatazama. Wakukalishe kwanza. Pesa iko hapa," alisema, akijigusa kifuani, mahali ambapo tapeli mwenye akili hangejaribu kufika.

Tapeli wa kawaida angeaga. Jude aliona ni gharama tu ya biashara. Kama mtu anaweza kukodi hema na viti, kwa nini asikodi ukoo?

Siku ileile, akiwa amewaacha Opio na mkewe wakinywa chai, alizunguka Namatala mpaka akampata mama mmoja mnene akikaanga mihogo kando ya njia. Jina lake Khainza. Alikuwa akimgombeza mteja kwa sauti iliyofika barabara kuu, na Jude alijua amepata shangazi.

"Mama, unaweza kulia?"

"Kwa sababu ya nani?"

"Mtu humjui."

"Hao ndiyo rahisi."

Jude alimweleza. Alitaka mashangazi, wajomba, bibi mmoja mkongwe, na mzee wa kumkalisha kwenye kiti. Kazi ya siku moja, kula na kunywa juu yake.

"Marehemu anaitwa nani?"

"Mzee Gidudu. Wa nyumba ile ya kufuli."

Khainza aligeuza mihogo polepole, upande wa kwanza, kisha upande wa pili.

"Na wewe unataka kuwa mrithi yake. Hakuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna."

"Mbele ya watu utasema hivyo?"

"Nitasema hata kwa kipaza sauti."

"Basi wachia mimi. Wewe leta mbuzi wawili, mchele, na hema."

Jude aliuza pikipiki yake, akaiita hasara hiyo mtaji.

Jumamosi ilipofika, ua ulijaa. Jude alishangaa ubora wa kazi. Watu walilia machozi ya kweli. Wakati wa kumtambulisha hakuna aliyeuliza katoka wapi, kwa sababu mwanaume akifa, watoto wa nje hujitokeza, na mtu mwenye adabu huwapisha kwenye mkeka. Bibi kizee mmoja alimshika pua, akaivuta, akatangaza kwamba hiyo ni pua ya Gidudu. Mjomba mmoja alitambua masikio. Mwingine alimkumbuka hata mama yake Jude, msichana mweupe aliyekuwa akiuza samaki Jinja. Jude, aliyezaliwa Iganga na mshona nguo mweusi kabisa, alianza kumlilia huyo mama.

"Watu wako wanajua kazi," alimnong'oneza Khainza.

"Hawa hawajaanza."

Walimkalisha kwenye kiti cha marehemu. Walimvisha koti la marehemu, lililomfikia vifundo vya miguu na mikono yake ikapotea ndani. Walimpa fimbo. Mwenyekiti wa kijiji, Mutwalibu, alifika na mhuri wake, akashuhudia mauzo, akagonga. Jude aliutazama mhuri ule na kumsifu moyoni fundi aliyeughushi.

Ndipo Akello alipogeuka pembeni, akachomoa furushi. Jude akanyoosha mkono, au tuseme akanyoosha mkono wa koti. Mzee wa ukoo aliusogeza taratibu.

"Pesa ya nyumba ni ya mjane," alisema. "Ya mrithi ni watu wa kulisha."

"Mjane gani?"

"Mimi," alisema Khainza, akapokea furushi.

Jude alicheka peke yake.

"Tangu bwana yangu afe tunatafuta mtu wa kukaa kwa hiyo kiti," Khainza aliendelea bila haraka. "Bila mrithi nyumba haiuzwi, haifunguliwi. Kila mwanaume tukimwita anakimbia. Mmoja alikimbilia Kapchorwa. Mmoja aliokoka, akasema kanisa yake inakataza kukaa kwa viti. Mimi nakaanga mihogo, naomba Mungu. Halafu wewe unakuja na miguu yako, na mbuzi."

Watu wenyewe walipangwa mbele yake: Khainza, watoto watano, bibi mvuta pua ambaye ndiye mama mzazi wa marehemu, na shangazi mmoja mwenye bata mzinga asiotengana nao. Jude alisimama, akakanyaga koti, akaanguka, akasimama tena.

"Nyinyi watu, mimi si mtoto ya Gidudu. Hata simjui."

Afande Opio naye alisimama. Hakupandisha sauti, kazini kwake haikuhitajika.

"Kama wewe si mtoto yake, basi ulikuwa unaniuzia nyumba ya watu. Na mtu kama huyo mimi najua analala wapi. Godoro yake pia najua. Sasa nauliza mara moja. Wewe ni mtoto ya Gidudu, ama si mtoto ya Gidudu?"

Jude alimtazama Mutwalibu na mhuri wake, ambao sasa ulionekana wa kweli kabisa. Alitazama mifupa ya mbuzi wake. Alitazama lango, na pale langoni wajomba walikuwa wamejaa.

"Baba," alisema, "alikuwa ananipenda sana."

Vigelegele vilisikika mpaka sokoni.

Alitoroka kabla vyombo havijaoshwa, akarudi kwenye chumba chake kimoja cha Nalufenya. Kwa wiki nzima alijifariji kwamba amepoteza pikipiki tu. Opio na Akello walihamia Mbale, na jiko likawekwa palepale.

Jumamosi iliyofuata lori lilisimama mbele ya duka la Hasifa, na Hasifa, mtu wa msaada siku zote, akalielekeza. Bibi alikuwa amekaa mbele na dereva. Nyuma kulikuwa na vitanda, masufuria, watoto, shangazi, na bata mzinga wakigombana. Khainza alishuka, akakiangalia chumba, akaangalia benchi la nje lililo karibu na njia ya watalii, akaridhika.

"Mwanangu, nyumba tumeuza, na Mbale kodi imepanda," alisema. "Tumeona tuhamie mahali pa rahisi. Na mimi nitakaanga mihogo hapa."

"Baba, choo iko wapi?" aliuliza mtoto mmoja, akimtazama Jude, aliyekalia kiti cha baba yake.

Jude alifungua mdomo. Alikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wote mzuri. Lakini nyuma ya lori kitu kizito kiliruka chini. Alikuwa Afande Opio, aliyeona si vizuri mjane asafiri peke yake, amevaa mkanda wake wa zamani wa kazi. Alinyoosha mkono.

"Funguo," alisema.

Jude akampa.