Vifuko vya Hesabu

Jumatatu, 7 Juni 1993. Kimara.

Siku mbaya. Bi Demetria amefungua chekechea ng'ambo ya barabara. Ana bembea! Bembea ya tairi, na kibao chenye picha ya sungura aliyevaa tai. Mimi nina baraza ya nyumba ya Mzee Mwishehe, mkeka na chaki. Leo asubuhi watoto wangu watatu waliingia kwake mbele ya macho yangu. Mmoja akanipungia mkono.

Saa nne Mzee Mwishehe akaja kuutazama mkeka ulivyo mtupu. Hakufoka. Angefoka ningepata ahueni. Alisema kwa upole kwamba mpwa wake Salumu anatafuta mahali pa kuuzia soda na biskuti, na siku hizi biashara ni ruksa kwa kila mtu. Mwisho wa mwezi ataangalia kama baraza imejaa watoto. Nikiikosa baraza, ni kurudi Tukuyu kwa baba kuchuma chai, na baba hajaacha kusema kwamba alijua nitarudi.

Lazima nibuni kitu. Kwenye semina ya walimu wa chekechea mwaka jana, mkufunzi alisema mtoto hujifunza kwa mikono, na mzazi ndiye mwalimu wa kwanza. Alisema na mengine, lakini hayo yalikuwa baada ya pilau.

Jumanne, 8 Juni.

Nimepata! Vifuko vya hesabu. Kila mtoto kifuko chake kidogo cha kitambaa. Ndani mbegu za ukwaju, nje tarakimu. Mtoto anakwenda nacho nyumbani, anakifungua na mama yake, wanahesabu mbegu pamoja, wanalinganisha na tarakimu. Shule inaingia mpaka chumbani! Bembea haiwezi kuingia chumbani.

Nikaenda kwa Mashaka, fundi cherehani, kumwomba vipande anavyotupa. Alikuwa na kaniki nyeusi tu. Uzi uliobaki mwekundu. Sawa, vinapendeza pamoja. Nikamweleza nataka vifuko vya ukubwa wa kidole gumba, midomo ifungwe kwa uzi, viwe na kamba ya kuvaa shingoni ili visipotee njiani. Akaacha kukanyaga cherehani. Akauliza kama ni vya watoto wangu. Nikasema sina mtoto, ni vya watoto wa watu. Akauliza kama wazazi wanajua. Nikamwambia hapo ndipo penye utamu, hawajui.

Alivishona vyote. Nilipomshukuru, akageuka ukutani. Nadhani ubunifu ulimgusa.

Jumatano, 9 Juni.

Nimevigawa wakati wa kwenda nyumbani. Nikawavisha mmoja mmoja. Nikawaonya wasivifungue mpaka wawe chumbani na mama, wala wasimwonyeshe mtu njiani, hasa watoto wa Bi Demetria, maana yule mama kwa kuiga hajambo. Tabu, binti wa Naima muuza vitumbua, akauliza asipokifungua itakuwaje. Nikamwambia wenzake watamwacha nyuma. Akaanza kulia. Nikafurahi. Mtoto anayelia ana hamu ya kusoma.

Wakaondoka kwa mstari, kila mmoja na kitu cheusi kifuani. Nikasimama kuwatazama kwa fahari. Hapo moyo ukafanya paa! Kitu kama kile nimewahi kukiona. Wapi? Nikakumbuka: shingoni mwa mjomba wangu, siku aliyotoka kwa mganga.

Nikawaita warudi. Walikwisha kata kona.

Hirizi. Nimewavisha hirizi watoto wa watu.

Alhamisi, 10 Juni.

Hakuja mtoto hata mmoja. Saa mbili akaja Naima. Kifuko cha Tabu amekining'iniza kwenye ncha ya kijiti cha kugeuzia vitumbua, mkono ameunyosha mbali na mwili. Akakibwaga kizingitini, akaondoka kinyumenyume. Nikamsalimu. Hakuitika. Naima, anayesalimia mpaka wapita njia!

Habari nyingine nimezisikia nikiwa nyuma ya pipa la maji, nilikokwenda kukagua pipa. Mama Mbwana amekichoma cha mwanawe kwa ubani na chumvi. Bibi Apolonia, mcha Mungu wa Kikatoliki, amekimwagia maji ya baraka cha mjukuu wake, akakitupa chooni, na sasa anaogopa kwenda choo. Inasemekana ninachukua nyota za watoto. Kila mbegu ni sehemu ya akili ya mtoto, nami nazikusanya ili chekechea yangu itajirike. Itajirike! Sina hata kufuli.

Naogopa. Nasema kweli, naogopa. Kule bondeni mtu aliyeshukiwa uchawi alivunjiwa nyumba, na hakuwa amewavisha watoto chochote. Kila kandambili zinazopita nje nadhani zinanijia mimi. Nimesukuma kitanda kuziba mlango. Kisha nikakumbuka mlango wenyewe unafungukia nje.

Ijumaa, 11 Juni.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Kornelio, ametuma neno. Kesho saa tatu uwanjani kwake, mimi na wazazi wote. Niende na kifuko kile alichorudisha Naima, vingine vimeshateketezwa.

Nimefunga nguo zangu kwenye shuka nitoroke. Nikazifungua, maana anayekimbia amekiri. Nikazifunga tena, maana anayebaki atapigwa. Kazi hiyo imenichukua mpaka adhuhuri.

Kisha Mzee Mwishehe. Amesema hataki mganga barazani kwake, wameanza kumteta msikitini. Nikamwapia kwa Mungu kwamba mimi si mganga. Akanitazama, akavuta mlango nyuma yake, akashusha sauti, akauliza kama ninacho cha biashara, cha kumvutia wateja Salumu. Kama hata mwenye nyumba wangu anaamini, nani atanitetea kesho?

Alasiri akaja Bi Demetria mwenyewe. Nikadhani amekuja kunicheka. Macho mekundu. Kamba ya bembea yake imekatika. Hakuumia mtu, lakini ananiomba nimwondolee nilichomtupia. Nikamwambia kamba ya katani hukatika tu, ni kawaida yake.

"Najua kamba hukatika, mwalimu," akasema. "Mbona imekatika wiki hii?"

Alikuwa anaogopa kama mimi, na kwa kitambo nikamwonea huruma. Kisha nikamkumbuka sungura mwenye tai.

Jumamosi, 12 Juni.

Niko hai.

Uwanja ulikuwa umejaa. Wamekuja hata wasio na watoto. Nikamwamkia Mzee Kornelio shikamoo, marahaba yake ikachelewa mpaka nikadhani haiji. Akaniambia nijieleze. Nikajieleza, na kila nilichosema kikazidi kuniangamiza. Kwa nini kaniki? Ndiyo iliyokuwepo. Kwa nini uzi mwekundu? Ndio uliokuwepo. Kwa nini wasiwaonyeshe watu? Kwa sababu ya Bi Demetria. Watu wote wakamgeukia Bi Demetria, naye akajifunika khanga.

"Basi kifungue," akasema Mzee Kornelio.

Nikauvuta uzi, nikaukosa, nikauvuta tena. Nikasikia mtu akinong'ona kwamba mnaona, anaiogopa dawa yake mwenyewe. Nikaomba yeyote anisaidie kufungua. Watu wazima wote wakarudi nyuma. Mjumbe naye akasogeza kiti.

Ndipo Tabu akachomoka kwenye mkono wa mama yake. Akaninyang'anya kifuko, akaukata uzi kwa meno. Naima akapiga yowe. Mbegu zikamwagika vumbini, na Tabu akachuchumaa juu yake. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika tano akasita. Akarudi akaigusa mbegu ya kwanza kwa kidole, akaanza upya, taratibu, mpaka tisa. Kisha akakiinua kifuko ili mama yake aione tarakimu.

"Tisa, mama. Na hii hapa ni tisa. Mie nilitaka tuhesabu wote, we ukakitoa mbio."

Naima akakaa chini palepale vumbini na doti yake mpya ya khanga, akaokota mbegu moja, akaigeuzageuza, akamwambia binti yake waanze tena, safari hii wote wawili. Nililia. Mbele ya watu wote, nililia.

Mzee Kornelio akahukumu kwamba mwalimu hana kosa ila ujinga. Sharti ni moja. Kabla sijapeleka kitu chochote nyumbani kwa mtu, kwanza nimwambie mwenye nyumba. Nikaapa mbele ya wote. Jumatatu watoto watarudi, na Mzee Mwishehe amesema baraza ni yangu mpaka mwaka uishe, ingawa alionekana kusikitika kidogo kwamba mimi si mganga. Njiani Bibi Apolonia akanivuta pembeni akaniuliza kama vimebaki vya tisa, maana mjukuu wake ni mzito wa hesabu.

Namshukuru Mungu. Nimepata somo la maisha.

Jumapili, 13 Juni.

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri. Kosa lilikuwa kaniki na shingo. Basi! Rangi mbaya, mahali pabaya. Nisiporudia hayo mawili niko salama.

Wiki hii ni herufi. Nimezikata kwenye vipande vya bati, kila moja nimeitia ndani ya kikopo, na kikopo nimekizungushia bafta nyeupe, safi, ya heshima. Hakuna cha kuvaa. Watoto watazitafuta wenyewe kwa kuchimba, kwa mikono yao, nyumbani kwao, wazazi wakiwasaidia. Mkufunzi wa semina angetoa machozi.

Kuwaambia wenye nyumba nimeapa, na nitawaambia. Lakini nikiwaambia leo, utamu wote utakwisha. Nitawaambia wakishaanza kuchimbua. Nimeazima sepetu. Kesho alfajiri, kabla mtu hajaamka, nitapita nyumba kwa nyumba nikifukia kimoja kimoja mbele ya mlango. Nitaanza na kwa mjumbe.