Ufunguzi wa Kituo cha Kukaza Nyuso za Wanaume Waliopungua

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima uliyetuma udhuru, waheshimiwa wenyeviti wasaidizi, wachungaji, mameneja wa mabenki, akina mama wa soko la Juba Na Bari, na nyinyi wanaume wenzangu mnaodungwa sindano za kupunguza unene huku mkisema ni mazoezi (kicheko): mimi, Rufus Mwaniki, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Ustawi wa Wakenya na Waganda mjini Juba, nasimama mbele yenu nikiwa nimepungua kilo thelathini na moja. (Makofi.)

Utafiti tumefanya. Kati ya wanaume kumi na mmoja tuliowahoji, kumi na watatu walikiri kwamba tumbo liliondoka lakini ngozi ikakataa kuhama, ikabaki inaning'inia mashavuni. Mimi mwenyewe, bila kujisifu, naongoza. Jumatatu bawabu wa ofisi yangu, Kenyi, alitazama kitambulisho, akanitazama, akasema, "Mzee, mwenye hii picha akuje mwenyewe." (Kicheko kirefu.) Msicheke, iliniuma! Tangu siku hiyo naendesha ofisi nikiwa kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara. Kiongozi akikonda, watu husema ama anaumwa ama amepigwa kalamu kazini, na tayari nasikia kuna wanaokipigia hesabu kiti changu.

Kwa hivyo, katika fremuweki ya stratejia shirikishi ya rasilimali-ngozi, awamu ya kwanza hadi ya tisa, leo nafungua Kituo hiki, ambapo kila mwanaume atapakwa krimu ya lulu, narudia, lulu, iliyotolewa kwenye vilindi vya bahari...

(Nakato, muuza mafuta, kutoka nyuma: "Mzee, hapa Juba lulu ni jina la mafuta ya mti! Si mimi ndiyo nilikuuzia?" Kicheko.)

Marekebisho yamepokelewa. Bahari husika ni ya miti.

Nikisema "Uso imara!", mnajibu "Shavu thabiti!" Uso imara! (Wawili wanajibu.) Inatosha.

Namalizia kwa shukrani. Asante Mama Nakato kwa kutuazima mwamvuli, stuli na mkebe wa mafuta, ambavyo ndivyo Kituo chote, na anavitaka kabla wateja wake hawajafika saa nane. Asante Flavia, fundi wa cherehani. Utepe niliokata usitupwe, ni mshipi wa gauni la mteja wake. Na yeyote hapa anayenitambua, tafadhali anisindikize hadi getini pa ofisi yangu. Kenyi amesema mashahidi wawili watatosha.

(Watu wanatazamana.)